Mgeni wa Saa Tisa Usiku

Siku hizi nyumba nyingi, za mjini na za shamba, zina kisanduku kidogo kilichobandikwa ukutani au kilichowekwa juu ya kabati, chenye taa nne au tano zinazopepesa mchana kutwa na usiku kucha. Watoto hukiita waifai. Mafundi hukiita rauta. Bibi mmoja mtaani kwetu hukiita kile kidude cha mtandao, na kila mtu humwelewa. Ndicho mlango ambao intaneti huingilia nyumbani, na mlango huo, msomaji mpenzi, una funguo mbili. Moja unayo wewe, uliyopewa siku fundi alipokuja kutoboa ukuta na kuvuta waya wake. Ya pili anayo mwenye kampuni iliyokuuzia huduma, na hiyo ya pili hufungua vyumba ambavyo yako haifungui. Leo nataka kuizungumzia ya pili.

Sisi watu wa Pwani tunapenda kujisifu kwamba intaneti ya kasi ilipita kwetu kwanza, na kwa hakika ndivyo ilivyokuwa. Mikongo ya chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, ilitua Mombasa mwaka 2009, na toka hapo nyuzi zile za kioo zikapanda bara, zikafika Nairobi, zikavuka Bonde la Ufa, hata zikafika milima ya Kisii. Mikongo ya SEACOM na EASSy ilipokatika baharini tarehe 12 Mei 2024, Afrika Mashariki nzima ilijua. Magazeti yaliandika, redio zilisema, makampuni yaliomba radhi. Jambo kubwa halifichiki. Lakini lipo jambo dogo linalotendeka ndani ya kisanduku chako mwenyewe, usiku umelala, ambalo hakuna gazeti litakaloliandika wala redio itakayolitangaza, na asubuhi yake huenda wewe ukawa mtu wa pekee mtaani asiye na intaneti, nawe hujui una kosa gani.

Jambo hilo nililikuta Nyakoe.

Nyakoe ni soko lililoko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Kisii, kwenye barabara iendayo Oyugis na Kisumu. Nilikwenda huko kwa mwaliko wa mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyetaka nizungumze na wanafunzi wake juu ya vina na mizani. Nchi ni ya kijani kibichi, migomba kila upande, na mvua yake haina adabu: mchana jua kali, alasiri ngurumo na radi za kumtisha mgeni. Nilikuwa na makala ya kupeleka gazetini, nikaelekezwa kwa kijana mmoja mwenye saiba kando ya barabara. Duka lake lina kompyuta sita, mashine ya kuchapia, ya kunakilia, na ya kutia vitambulisho nailoni. Hapo ndipo watu wa Nyakoe wanapokuja kutafuta nambari zao za kodi, kuomba nafasi za vyuo, kujaza fomu za mikopo ya masomo, kuomba cheti cha kuzaliwa. Siku hizi serikali yote imo ndani ya kompyuta. Asiye na kompyuta humtafuta aliye nayo.

Nilipofika duka lilikuwa wazi lakini wateja walikuwa nje, wamekaa juu ya benchi.

"Shikamoo mzee," akaniambia. "Leo ni siku ya pili. Hakuna kitu."

Kisanduku chake kilikuwa kinawaka. Taa zote zilikuwa kijani, pamoja na ile ya intaneti. Lakini kompyuta zake sita hazikuipata waifai aliyoizoea, mashine ya kuchapia ilikuwa kama yatima, na kamera aliyoitundika juu ya mlango ilikuwa haioni kitu. Majirani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: ni radi. Na kule Kisii nani atabisha, maana radi ina rekodi yake ndefu. Mwingine alisema ni deni. Kijana akatoa simu yake kunionyesha kwamba alikuwa amelipa karibu shilingi 3,000 za mwezi, siku tisa zilizopita. Kampuni aliipigia mara nne. Kila mara aliambiwa azime, ahesabu dakika moja, kisha awashe.

Siku ya tatu fundi alikuja na pikipiki. Alitazama kisanduku kwa muda mfupi kuliko ule alioutumia kuvua kofia yake, akasema: "Hiki kilipigwa apudeti usiku wa juzi." Basi. Kumbe kampuni ilikuwa imeingia kwa ufunguo wake, ikaondoa programu ya zamani, ikaweka mpya, na ile mpya ilipoamka ilikuwa imesahau kila kitu. Jina la waifai lilirudi kuwa zile tarakimu zilizopigwa chapa chini ya kisanduku toka kiwandani. Neno la siri vivyo hivyo. Mipango yote aliyoipanga kijana kwa usiku mzima mwaka uliopita, ya kompyuta hii ipate kiasi hiki na kamera ile ionekane kutoka nyumbani kwake, ilifutika.

Hapa yafaa nieleze, kwa sababu wengi wetu hudhani kisanduku kile ni chuma tu na waya, mithili ya pasi au feni. Sivyo. Ndani yake mna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ina programu yake iliyokaa ndani kabisa, ambayo ndiyo akili yake. Mafundi huiita famuwea. Mimi nitaiita programu ya ndani, maana ndivyo ilivyo. Ukiiondoa, kisanduku hubaki kasha la plastiki lenye taa.

Na ufunguo ule wa pili una historia yake. Mwaka 2004 jumuiya ya makampuni ya mawasiliano iliyoitwa wakati huo DSL Forum, na leo inaitwa Broadband Forum, ilitoa kanuni moja yenye jina la kikavu kabisa, TR-069. Kwa kanuni hiyo kisanduku kilichoko nyumbani kwako huipigia simu kampuni yake kila baada ya muda, kikasema: mimi ni fulani, hali yangu ni hii, je, kuna amri? Nayo kampuni huweza kujibu: jizime ujiwashe, badilisha neno la siri, au chukua programu hii mpya. Visanduku vya faiba vina njia nyingine tena inayofanana na hiyo, inayopita kwenye uzi uleule wa kioo. Yote haya hufanyika bila ya mtu kubisha hodi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: kisanduku hupakua programu mpya, huikagua, hufuta ya zamani, huandika mpya mahali pake, kisha hujizima na kujiwasha.

Zile dakika za kufuta na kuandika ndizo za hatari. Stima ikikatika hapo katikati, ya zamani imekwisha kufutwa na mpya haijamalizika kuandikwa. Kisanduku hakitaamka tena. Vipo vya bei nzuri vyenye nafasi mbili za kumbukumbu, kwamba programu mpya huandikwa upande mmoja na ya zamani ikakaa upande wa pili, hivyo pakitokea balaa kisanduku hurudi kwenye ile ya zamani na maisha yakaendelea. Lakini vile vya rahisi aghalabu vina nafasi moja tu. Pale Nyakoe, mwenye duka la dawa za mifugo, milango miwili kutoka kwa kijana wetu, alipatwa na hilo. Usiku uleule stima ilipotea na mvua, na kisanduku chake kikafa kabisa, hata taa moja haiwaki. Yeye mpaka leo anasema ni radi. Fundi alipomweleza, alicheka tu.

Sasa, mtu anaweza kusema: basi makampuni yaache! Yasiguse vitu vya watu! Nami nilidhani kijana wa saiba atasema hivyo, lakini alikuwa na akili kuliko hasira. "Mzee," akaniambia, "kisipobadilishwa kitaingiliwa na wezi." Na hapo alikuwa amegonga penyewe.

Ngoja nikupeleke Liberia. Mwaka 2015 kampuni moja ya simu ya nchi hiyo, Lonestar, ilianza kushambuliwa kwenye mtandao. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, aliyekuwa akilipwa na afisa wa kampuni shindani ya hukohuko Liberia. Silaha yake ilikuwa vitu vya majumbani mwa watu: kamera na visanduku vya intaneti, vya watu wasiomjua wala asiowajua, vilivyokuwa na programu za ndani zilizochakaa na maneno ya siri ya kiwandani ambayo mwizi yeyote anayajua. Aliviambukiza kirusi cha jamii ya Mirai, akavikusanya kama jeshi, akaviamuru vyote vipige hodi kwa Lonestar kwa wakati mmoja, mpaka mlango ukaziba na wateja wa Liberia wakakosa mtandao.

Mwezi wa Novemba 2016 alipotaka kuliongeza jeshi lake, kirusi chake kilibisha kwenye visanduku vya wateja wa Deutsche Telekom huko Ujerumani, kikipitia mlango uleule ambao makampuni hutumia kutoa amri zao. Visanduku havikuambukizwa lakini vilizidiwa na kuanguka, vipatavyo 900,000. Kampuni ilivitibu kwa nini? Kwa programu mpya ya ndani. Iliitayarisha haraka, ikawaambia wateja hadharani wavichomoe visanduku vyao kwenye stima na kuvirudisha ili vikiamka vichukue programu hiyo, na wateja waliokuwa na simu za kampuni hiyohiyo wakapewa intaneti ya simu bure kwa muda. Kaye alikamatwa uwanja wa ndege wa Luton mwezi wa Februari 2017. Mahakama ya Ujerumani ikampa kifungo cha nje mwaka huohuo, na mwezi wa Januari 2019 mahakama ya London ikamfunga miezi 32 kwa yale ya Liberia.

Kwa hiyo kisanduku kisichobadilishwa programu ni hatari kwa mwenyewe na kwa jirani, hata jirani aliye nchi nyingine. Mwenye duka la Nyakoe anaweza kutumiwa kumpiga mtu wa Monrovia, naye amelala hana habari.

Lakini jambo hili lina sura ya pili. Tarehe 25 Oktoba 2023, huko Marekani, wateja wa kampuni moja ya intaneti, wengi wao watu wa mashamba na vitongoji vya mbali, waliamka na kukuta taa nyekundu. Kwa muda wa siku tatu visanduku zaidi ya 600,000 vilikufa. Watafiti wa Black Lotus Labs waliolichunguza jambo hilo walitoa ripoti yao Mei 2024, bila ya kuitaja kampuni, wakaeleza kwamba mtu asiyejulikana aliviingilia na kuvitia programu mbovu ya ndani iliyoviharibu moja kwa moja. Havikuweza kutengenezwa. Ilibidi kila mteja apewe kingine. Mkulima aliyekuwa akiangalia mashamba yake kwa mtandao, mgonjwa aliyekuwa akizungumza na daktari wake kwa mtandao, wote walingoja kisanduku kipya kije kwa posta. Njia ile inayoleta dawa ndiyo njia inayoweza kuleta sumu, ndiyo maana anayeishika anapaswa kuilinda kuliko tunavyolinda sisi maneno yetu ya siri.

Sitaki basi kubishana na kampuni juu ya kubadilisha. Ubishi wangu ni juu ya namna ya kuingia nyumbani kwa mtu.

Kwanza saa yenyewe. Makampuni hupenda saa nane, saa tisa, saa kumi za usiku, kwa hoja kwamba wakati huo watu wamelala. Ni hoja ya mtu anayetazama mchoro wa matumizi ukutani ofisini. Wapo wasiolala. Huko Pwani mwezi wa Ramadhani saa tisa usiku ndiyo saa ya daku, na nyumba nzima iko macho, mwenye kusikiliza mawaidha ya Mombasa na mwenye kuzungumza na mwanawe aliyeko Maskati. Na Nyakoe je? Yule kijana wa saiba usiku hugeuka mwajiriwa wa Marekani. Husikiliza sauti zilizorekodiwa, mikutano na mahojiano, akaziandika kwa maneno, akalipwa kwa dakika. Kazi hiyo ina muda wake, na muda wake ni wa mchana wa wenzetu. Vilevile dada yake yuko Minnesota, ambako Wakisii ni wengi. Saa tisa za usiku Nyakoe ni saa kumi na mbili za jioni kule wakati wa baridi, na saa moja wakati wa joto, ndiyo saa dada anapotoka kazini na kuuliza hali ya mama. Usiku ule wa kubadilishwa alikuwa na kazi ya kukabidhi kabla ya alfajiri. Haikukabidhiwa. Malipo yake yalikwenda, na alama zake kwa mwajiri zikashuka. Hilo la alama lilimuuma kuliko fedha, maana kazi ijayo hupewa kwa alama.

Pili, kampuni hubadilisha yasiyohitaji kubadilishwa. Wanaojua kazi wanasema programu mpya yaweza kuandikwa bila ya kugusa mipango ya mteja. Jina lake na neno lake la siri hukaa mahali pao. Yakifutika, ama ni haraka ama ni uvivu wa kujaribu kabla ya kutoa. Mara nyingine visanduku huja na tabia mpya kabisa. Vingi vina mawimbi mawili, yale ya giga 2.4 yanayofika mbali na yale ya giga 5 yaliyo ya kasi. Mteja alikuwa na majina mawili akichagua, na baada ya mabadiliko hukuta jina moja tu, kisanduku kikichagua kwa niaba yake. Simu mpya hazijali. Lakini mashine ya kuchapia ya zamani, isiyojua ila mawimbi ya 2.4, hupotea njia, na mwenye duka akadhani imekufa. Wangapi wamenunua mashine mpya bila ya haja!

Tatu ni ujira. Siku tatu katika mwezi wa shilingi 3,000 ni shilingi 300. Hazikurudishwa, na kijana hakuziomba. Nilimwuliza kwa nini. Akasema nauli ya kwenda kuzidai Kisii mjini na kurudi, pamoja na siku ya kazi, itazidi hizo 300. Hesabu yake ilikuwa sahihi, na kampuni nyingi duniani huishi kwa hesabu hiyo.

Haki ya jambo hili haikosi mahali pa kuandikwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata huduma ya kiwango kinachofaa, kupata maelezo anayoyahitaji ili afaidi alichonunua, na kulipwa fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Maelezo! Neno hilo limo ndani ya Katiba. Huko Uingereza, sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 imekwenda mbele zaidi: muuzaji wa vitu vya aina hii haruhusiwi tena kuviuza na neno la siri moja linalojulikana na wote, na lazima amwambie mnunuzi toka mwanzo ni kwa muda gani kitu hicho kitaendelea kuletewa programu za ulinzi. Hebu jiulize kisanduku chako kina miaka mingapi, na nani aliyekuambia kitatunzwa mpaka lini.

Jioni ya siku ya tatu, huduma iliporudi na makala yangu ilipokwisha kwenda, tulikaa na kijana tukajaribu kuandika tangazo ambalo kampuni ingaliweza kumpelekea kwenye simu siku mbili kabla. Kazi hiyo niliiona ndogo, lakini ilituchukua mpaka kiza. Tuliandika: "Mteja wetu, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kati ya saa tisa na saa kumi, tutabadilisha programu ya ndani ya kisanduku chako cha intaneti ili kukikinga na wezi. Mtandao utakatika kwa dakika kumi hivi. Tafadhali usikizime. Jina la waifai na neno lako la siri havitaguswa. Kama una kazi usiku huo, tujibu neno HAPANA, tutachagua usiku mwingine. Kikikataa kuwaka tupigie, na siku utakazokosa hutalipia."

Ubishi ulikuwa juu ya kitendo kile kimoja. Mimi nilikuwa nimeandika "tutasasisha". Ni neno jipya lililozaliwa kutokana na "sasa", limekwisha kuingia kwenye simu zetu, na kama mtunzi nalipenda, lina mwendo mzuri mdomoni. Kijana akasema mama yake hatalielewa, na wateja wake wengi pia. Nikaleta "tutaboresha". Hilo alilikataa kwa nguvu zaidi. "Bora watasema wateja, wakiona," alisema. Ndipo tukaandika "tutabadilisha".

Akalitafsiri kwa Ekegusii kwa ajili ya mama yake, akazichapa lugha zote mbili kwenye karatasi moja, na nakala akaituma kwa kampuni yake. Jibu lilikuja palepale kutoka kwa mashine, kwa Kiingereza, likimshukuru kwa kuwasiliana nao na kumpa nambari ya malalamiko.